Kayamba Lililopoteza Mbegu: Ubora wa Kurekodi Kwenye Sampla

BARAKA: Haya, tumerudi. Dada Rehema, hilo kayamba limefanya nini tena?

REHEMA: Acha tu, kaka. Nimelirekodi kwenye sampla, ile mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvicheza upya, likatoka kama mtu anayesugua gunia.

BARAKA: Ile SP-202 yako ya Boss? Uliiweka wapi?

REHEMA: Lo-Fi 1. Nilitaka ule uchafu wa hip hop ya zamani.

BARAKA: Basi umejichongea mwenyewe. Ile mashine ina ngazi nne za ubora wa kurekodi. Hi-Fi ni kilohezi 31.25, yaani sauti inapimwa mara 31,250 kila sekunde. Standard ni nusu yake, Lo-Fi 1 nusu ya hiyo, Lo-Fi 2 nusu tena. Sasa, sauti nyembamba kabisa inayonaswa haivuki nusu ya kipimo hicho. Lo-Fi 1 inakomea chini kidogo ya kilohezi 4, na mchakacho wa kayamba mwingi uko juu ya hapo.

REHEMA: Kumbe nimerekodi kayamba bila mbegu.

BARAKA: Na hata ukirudi Hi-Fi sasa, hazirudi. Hazikuingia. Ungekuwa umerekodi ngoma nzito, usingelalamika sana.

REHEMA: Lakini sampla ya SP-1200 nayo haikuwa safi, na watu wanaililia mpaka leo.

BARAKA: Ile ya E-mu, ya 1987? Ilikuwa kilohezi 26 na kidogo, biti 12. Na hapa nasema biti za kompyuta, wasije wakadhani midundo!

REHEMA: Fafanua, maana hata mimi huwa zinanichanganya.

BARAKA: Biti ndizo zinazoamua idadi ya ngazi za ukubwa wa sauti. Biti 12 ni ngazi 4,096. CD ina biti 16, ngazi 65,536. Ngazi zikiwa chache, sauti ikififia mwishoni unasikia chengachenga. Ila kilichowabana prodyuza hasa ni memori: sekunde 10 tu kwa mashine nzima, na sampuli moja, yaani kipande kimoja cha sauti, haizidi sekunde 2.5.

REHEMA: Mbili na nusu! Hata kiitikio hakiishi.

BARAKA: Ndipo wakabuni ujanja. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika wanaicheza kwa 45, wanairekodi ikikimbia, halafu wanaishusha kasi ndani ya mashine. Sekunde 2.5 zinabeba kama 3.4 za wimbo.

REHEMA: Na kule kuishusha ndiko kunaleta ule mkwaruzo?

BARAKA: Sehemu kubwa. Mashine inarudiarudia vipimo vile vile ili kuivuta sauti, inazaa milio ambayo santuri haikuwa nayo. Ubahili wa memori, dada. Leo watu wananunua programu za kuigiza ule ubahili!

REHEMA: Mimi jana nimerekodi upya kwa Hi-Fi, nikaichafua baadaye. Zicheze zote mbili. Ya kwanza ni lile gunia.

[Kayamba linasikika, mara mbili]

BARAKA: Heee! Ya pili mbegu nazihesabu.