Kaburi la Mfalme Lina Haraka Gani?

Mabibi na mabwana, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kufika licha ya msongamano wa magari jioni hii. Msimamo wangu nautaja mapema: kaburi la mfalme lisilotishiwa na maji, wezi wala barabara mpya, kizazi chetu kisilifukue.

Tutazameni Dingling, nje ya Beijing. Mwaka 1956 wanaakiolojia wa China walianza kulichimba kaburi la Wanli, mfalme wa nasaba ya Ming aliyefariki 1620. Walikuta hariri tele, iliyokaa gizani zaidi ya miaka 300. Ilipopata hewa, utaalamu wa kuihifadhi haukuwapo. Ikakauka, ikakakamaa, rangi zikafifia. Kisha mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, waliitoa mifupa ya mfalme na ya wake zake wawili, wakaishutumu hadharani na kuichoma moto. Mimi hadi leo jambo hili linaniuma. Kama kaburi lingeachwa limefungwa, mifupa ile ingekuwapo, na hariri pia.

China ilijifunza. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo, bado amelala chini ya kilima chake karibu na Xi'an. Wale askari wa udongo wa kulilinda kaburi lake, waliogunduliwa na wakulima wakichimba kisima mwaka 1974 walikuwa wamepakwa rangi za kupendeza. Zilianza kubanduka dakika chache baada ya kukutana na hewa kavu. Na hao ni walinzi wa nje tu! Mwanahistoria wa kale, Sima Qian, aliandika kwamba ndani kuna mito ya zebaki. Wataalamu walipopima udongo wa kilima wakakuta zebaki nyingi kupita kawaida. Wamelijua hilo bila kuvunja mlango.

Mtaniambia: je, Tutankhamun, yule farao wa Misri? Ni kweli, mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alitufungulia mengi alipolipata kaburi lake mwaka 1922. Lakini maiti ilikuwa imegandamana na jeneza kwa utomvu, na mwaka 1925 ikakatwa vipande ili itoke. Leo pengine tungesubiri hadi ipatikane njia ya kuitazama bila kuikata.

Sipingi jembe la akiolojia. Kule Panga ya Saidi, Kilifi, wenzetu walikuta mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa laini mno, basi wakalizungushia plasta bonge zima la udongo na kulileta hapa Nairobi, likachunguzwe polepole maabarani. Hiyo ndiyo subira ninayoidai. Ila kaburi la kifalme lenye vyumba na milango halibebeki hivyo, ukishalifungua, umelifungua.

Kuna pia wenye wafu wao. Mapungubwe, Afrika Kusini, makaburi ya watawala yalifunguliwa miaka ya 1930. Sanamu ndogo ya faru wa dhahabu iliyokutwa humo ikapata umaarufu, mifupa ikabaki mikononi mwa watafiti hadi 2007, iliporudishwa kuzikwa. Wajukuu walisubiri zaidi ya miaka 70.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkienda kuomba kibali cha kuchimba kaburi lolote la pwani yetu, nataka kwanza mnioneshe maabara iliyo tayari, na mniambie wazee wa mahali pale wamesema nini. Msipokuwa na majibu hayo mawili, mimi sitaiunga mkono barua yenu.