Mkono wa kushoto: watoto transjenda na mstari wa uwanjani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimesema "ndugu" kwa makusudi, maana ni neno linalomkaribisha mtu bila kumuuliza kwanza kama ni wa kiume au wa kike.

Naomba nianze na mtoto mmoja. Ana miaka tisa, na ana mashoto. Nyumbani amekatazwa kupokea kitu kwa mkono huo. Shuleni ameshachapwa vidole akiandika nao. Jumamosi moja anapelekwa kujiunga na skauti, na mlezi wa kundi anamnyoshea mkono wa kushoto. Mtoto anasita, akidhani anategwa. Mlezi anamwambia taratibu: "Hivi ndivyo skauti tunavyosalimiana, popote duniani." Basi anautoa mkono ule uliokemewa miaka yote, nao unashikwa barabara, kwa heshima. Jioni anarudi nyumbani akiamini kwamba amepata watu wake.

Nimewasimulia habari za mtoto huyo, na mpaka hapa hamjasikia neno hata moja linalosema ni mvulana au msichana. Alisita, akautoa, akarudi. Kiswahili hakikunilazimisha kutaja. Lakini uwanja wa skauti haukuwa na subira ya lugha yetu. Dakika chache baada ya salamu ile filimbi ililia, na sauti ikaita: wavulana huku, wasichana kule. Mtoto yule ni mimi. Nilikwenda kule.

Mimi ni mwanamume transjenda. Nilipozaliwa niliandikwa msichana, nikaitwa jina la kike, nikavikwa gauni. Kwamba mimi ni mvulana nililijua mapema mno, kabla sijasikia kwamba kuna neno la kulielezea jambo hilo. Nimekuja kuzungumza juu ya utoto wa watu kama mimi ndani ya uskauti, na nitasema wazi tangu mwanzo: naupenda uskauti. Sikuja kuubomoa. Ninalotaka tulitazame kwa karibu ni ule mstari.

Watu wengi wanadhani mstari huo ulikuwapo tangu siku ya kwanza, kama vile umeumbwa pamoja na kambi. Sivyo. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alifanya kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Mwaka uliofuata kitabu chake cha mafunzo kikatoka, na wasichana nao wakakisoma. Hawakungoja kualikwa. Waliunda vikosi vyao, wakajishonea sare, wakatafuta fimbo na kofia. Wengine walijiandikisha makao makuu kwa kuandika herufi za kwanza tu za majina yao, ili karani asijue kama anayemwandikisha ni wa kike. Septemba 1909, kwenye gwaride kubwa la Crystal Palace jijini London, mbele ya wavulana zaidi ya 10,000, kikundi cha wasichana kilijitokeza kikasema: sisi pia ni skauti.

Jibu la wakubwa lilikuwa kuwajengea chumba chao. Mwaka 1910 ulianzishwa umoja wa Girl Guides, ukawekwa chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Huo ndio mstari, na waliouchora walikuwa watu wazima waliokuwa na hofu zao: kwamba wasichana watakuwa wagumu, na kwamba wavulana wataona aibu. Marekani hofu ilikuwa hiyohiyo. Juliette Gordon Low, mwanzilishi wa Girl Scouts, chama cha skauti wa kike, alianza na wasichana 18 mjini Savannah mwaka 1912, na James West, mtendaji mkuu wa skauti wa kiume wa nchi hiyo, alipambana kwa miaka mingi ili wasichana wasiruhusiwe hata kujiita skauti. Neno lenyewe aliona litachafuka.

Habari ya zile herufi za kwanza inanigusa kuliko zote. Mtoto anaficha jina lake kwenye fomu ili apewe anachojua ni chake. Nami nilifanya hivyohivyo nikiwa na miaka kumi. Kwenye daftari langu la kumbukumbu za kambi sikuandika jina nililopewa, niliandika herufi moja na nukta. Mlezi akauliza kwa nini. Nikasema mwandiko wangu ni mbaya, jina refu linanichosha.

Sasa twendeni kambini. Uwanja mmoja, nguzo ya bendera katikati, mstari wa chokaa kutoka nguzoni hadi kwenye miti. Upande wa wavulana siku ile walikuwa wanajenga daraja la magogo na kamba juu ya mtaro. Sisi tulipangiwa kushona beji kwenye sare. Nakumbuka sindano, nakumbuka uzi wa njano, na jinsi nilivyokuwa nachoma kidole kwa sababu macho yangu yalikuwa ng'ambo. Sidharau kushona. Skauti asiyejua kushona hema lililochanika atalowa. Kilichoniuma si kazi niliyopewa. Niliwaona watoto wa umri wangu wakiitwa kwa kile nilichojua kuwa mimi, nami nikiwa hatua 20 kutoka kwao, na hizo hatua 20 hakuna aliyeniruhusu kuzivuka.

Kiongozi wa kikosi chetu alikuwa msichana wa miaka 13. Aliniona. Jioni, wenzetu walipokuwa wakisubiri chakula, alichukua kamba stoo akanifundisha fundo la kitanzi kisichobana, lile la kumwokolea mtu aliyetumbukia majini. Tatizo ni kwamba yeye hakuwa na mashoto, na kila alipokaa kando yangu mikono yangu ilikwenda kinyume. Akafikiri kidogo. Kisha akaja kukaa mbele yangu, uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana, ili mkono wake wa kulia uwe upande wa kushoto kwangu. "Nitazame kama kioo," akasema. Mara ya tatu nikaliweza.

Usiku ulikuwa mgumu. Tulilala sita katika hema moja. Wenzangu walibadilisha nguo wakicheka na kusukumana kama watoto wafanyavyo, nami nikawa naangalia ukuta wa turubai. Sikuwaogopa, na wala wao hawakunikosea. Nilihisi tu kwamba niko mahali ambapo sikustahili kuwapo, kama mtu anayesikiliza siri za watu bila wao kujua. Kwa siku nne nililala na sare yangu, skafu shingoni. Mlezi alinisifu mbele ya kundi kwa kuipenda sare. Sikupata maneno ya kumwambia ukweli, naye hakuwa na swali ambalo lingenisaidia kuyapata.

Upande wa pili wa mstari kulikuwa na watoto kama rafiki yangu mmoja, mwanamke transjenda, ambaye aliandikwa mvulana na kulelewa katika kundi la wavulana nchi nyingine kabisa. Yeye anakumbuka mto. Wavulana wote waliamriwa kuvua na kuoga pamoja, asubuhi na jioni. Kwa siku tatu alisema ana homa. Mlezi akamzuia kuingia majini, na kwa hiyo akakosa beji ya kuogelea, mtoto aliyekuwa akiogelea kuliko wote katika kundi lile. Ameshakuwa mtu mzima, ana kazi nzuri, na bado anaitaja beji ile. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani anazidisha. Kisha nikakumbuka uzi wa njano.

Tangu nilipoanza kulizungumzia jambo hili hadharani, nimesikiliza watu wengi waliokulia pande zote mbili. Ni wachache mno wanaosema walichukia uskauti. Wengi husema kinachofanana na hiki: pale ndipo nilipojifunza kuwasha moto, kusoma ramani, kumbeba mgonjwa, na palepale ndipo nilipoambiwa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine popote kwamba mimi ni yule nisiye. Mambo hayo mawili yanakaa katika kifua kimoja. Wapo pia waliopata nafuu ambayo hawakuitegemea, hasa wavulana transjenda waliokulia kwa wasichana, kwa sababu pale mtoto aliyeonekana "wa kike" aliruhusiwa kushika shoka na kuongoza. Mimi ni mmoja wao. Kama kikosi chetu kingekuwa na wavulana, sina hakika yule binti wa miaka 13 angeachiwa ile kamba.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kuchanganya makundi yote, namsikiliza, lakini sikubali haraka. Sweden waliunganisha vyama vyao vya wavulana na wasichana mwaka 1960, Denmark mwaka 1973. Chama cha skauti cha Uingereza kilianza kupokea wasichana kidogokidogo tangu 1976, na kufikia 2007 kila kundi lilipaswa kuwapokea. Ni hatua nzuri, na zimewasaidia watoto wengi wasilazimike kuchagua upande. Hata hivyo wasichana wana haki ya mahali pao, na mimi nilionja faida yake. Swali langu ni jingine: msichana transjenda anapobisha hodi mahali hapo, anajibiwa nini?

Mwaka 2011 huko Colorado, Marekani, mtoto wa miaka saba alitaka kujiunga na Girl Scouts, mlezi akamkatalia kwa sababu ya mwili aliozaliwa nao. Uongozi wa Girl Scouts wa jimbo ulisahihisha: mtoto akijitambua kuwa msichana, na familia yake ikimlea hivyo, anakaribishwa. Miaka minne baadaye, magharibi mwa jimbo la Washington, mfadhili alitoa dola 100,000 kwa sharti kwamba hata senti isiwafae wasichana transjenda. Viongozi wa Girl Scouts wakazirudisha. Hebu fikirini chama cha watoto, ambacho bajeti yake inahesabu kila hema, kikirudisha dola 100,000. Watu wa kawaida walipopata habari walichanga, na zilizopatikana zikazidi mara tatu zile zilizorudishwa.

Kwa upande wa wavulana, New Jersey, mwaka 2016, mtoto wa miaka minane alikuwa ameshaingia kundini, ameshapata marafiki. Wazazi wa wenzake wakalalamika, akaondolewa kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kilisema ni msichana. Januari 2017 Boy Scouts of America, chama kilekile alichokiongoza West, ilibadilisha utaratibu: ikaanza kufuata kile kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, si cheti. Mtoto akarudi. Wasichana wakafunguliwa mlango wa makundi ya wadogo mwaka 2018 na ya wakubwa mwaka 2019, na mwaka 2025 chama chenyewe kikaacha neno "Boy" katika jina lake. James West asingeamini.

Ila milango hufungwa pia. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno "mwanamke" katika sheria ya usawa ya 2010 linahusu jinsia ya kibayolojia. Disemba mwaka huohuo Girlguiding, chama cha Girl Guides cha Uingereza, ikatangaza kwamba haitapokea tena wasichana transjenda kama wanachama wapya, ikisema wazi kuwa uamuzi huo haikuupenda. Mimi si mwanasheria, nami sitaigeuza hotuba hii kuwa kesi. Ninamfikiria msichana wa miaka minane aliyekuwa akihesabu wiki mpaka siku ya kujiunga. Mama yake atamwelezaje?

Najua hofu ya wazazi. Siibezi. Mzazi anayeuliza mtoto wake atalala na nani hemani anatimiza wajibu wake. Lakini jibu la swali hilo lipo, na ni jibu la mafundi: mahema madogo, bafu zenye milango, muda wa kubadilisha nguo peke yake kwa kila mtoto anayetaka bila kutakiwa kueleza kwa nini. Pale tulipokuwa sita hemani, sikuwa mimi peke yangu niliyehitaji pazia. Kulikuwa na binti mwenye kovu la moto mgongoni ambaye naye alikuwa akisubiri taa izimwe. Nililijua hilo kwa sababu tulikuwa wawili tuliochelewa kulala.

Na kwa nyinyi walezi mliopo hapa, ombi langu ni dogo. Mtoto akiandika herufi moja na nukta mahali pa jina, msimkemee, na msimkimbilie na maswali kumi. Muulizeni angependa aitweje. Kisha mwiteni hivyo.

Nirudi kwenye mkono. Katika Kiswahili cha zamani mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wengi wenu mmelisikia neno hilo katika Biblia. Mkono wa kushoto wazee wetu waliuita mkono wa kike. Nililigundua hilo nikiwa mtu mzima, nikaliwaza kwa siku nyingi. Chama kilichoanzishwa kwa ajili ya wavulana kimekuwa kikisalimiana kwa mkono wa kike kwa zaidi ya miaka 100, na hakuna mvulana aliyepungukiwa na kitu.

Miaka michache iliyopita nilikutana na yule kiongozi wa kikosi. Sasa ana watoto wakubwa. Jina langu jipya alikuwa amelisikia kwa watu, akaliita mara moja bila kukwama. Mimi ndiye niliyekwama. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, na hakuna kilichohitaji kuelezwa. Tulikaa, tukaulizana habari za watu. Kwenye kiti kulikuwa na mkoba wenye kamba ndefu, akaifungua akanipa, hakusema kitu. Nikafunga lile fundo la majini. Aliitazama mikono yangu mpaka nikamaliza.

"Bado unaanzia kushoto," akasema.