Picha nzuri haijawa kipimo bado: hadubini ya leza na uso wa chuma

Haya jamani tuanze, muda wenyewe mdogo. Naona mmeshaanza kuishangaa hiyo picha ya rangi hapo kwenye skrini, vilima vyekundu, mabonde ya bluu. Mi nataka kuizungumzia hiyohiyo, maana iliwahi kunidanganya.

Hicho ni kipande cha chuma kilichong'arishwa mpaka unajiona sura. Niliweka lenzi ya 10x, yaani inayokuza mara kumi, kwenye hadubini ya leza ya konfokali, nilitaka eneo kubwa kwa mkupuo mmoja, nikaskani, programu ikanipa Sa, yaani wastani wa urafu wa eneo zima, nikaiandika kwenye ripoti. Kesho yake nikarudia palepale na lenzi ya 50x namba ikaporomoka kama mara kumi hivi. Chuma kilekile, hakuna aliyekigusa. Nilikosa raha siku nzima.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Leza, mara nyingi ya zambarau ya nanomita 405, inapita kwenye lenzi inakusanywa kuwa nukta ndogo sana juu ya uso, alafu mwanga unaorudi unapitishwa kwenye kitundu kidogo kabla ya kufika kwenye kisomea mwanga. Kama uso uko kwenye fokasi mwanga unapenya kitunduni, kama uko juu kidogo au chini kidogo unatawanyika unaishia kugonga ukingo. Wazo la kitundu ni la Marvin Minsky, aliomba hataza Marekani 1957, na yeye alikuwa anahangaika na seli za ubongo wala sio vyuma, tena leza yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa, ya kwanza iliwaka 1960.

Basi lenzi inapandishwa hatua kwa hatua, na kila pikseli mwanga wake unapanda, unafika kilele, unashuka. Pale kwenye kilele ndo kimo cha ile nukta. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kilele kimechongoka kiasi gani, hapa naomba mnisikilize vizuri.

Kila lenzi ina namba inaitwa NA, inasema inakusanya mwanga kwa pembe pana kiasi gani. Ile 50x yangu ilikuwa na 0.95, ile 10x 0.3. NA ikipungua mara tatu kilele kinanenepa kama mara kumi au zaidi, yaani kutoka chini ya mikroni moja (elfu moja ya milimita) mpaka mikroni kadhaa. Kilima kipana kileleni ni kama tambarare, ukiambiwa tafuta juu kabisa ni wapi utazungukazunguka tu, mtikisiko mdogo wa meza au kelele kidogo za umeme vinakusogeza huku na huku. Pikseli hii inasogea juu, jirani yake inasogea chini, programu inaona vilima ambavyo havipo, inavipaka rangi vizuri kabisa. Urafu niliouandika ulikuwa wa lenzi yangu!

Na kwenye miteremko ni shida nyingine. Uso unaong'aa ukiinama sana mwanga unaruka pembeni haurudi kwenye lenzi, pikseli inabaki tupu, na programu nyingi zinajaza pengo kwa kukisia kutoka kwa majirani. Zima huko kujaza kwanza, tazama mapengo ni mangapi, ndo uamue.

Kuna watu watasema bora sindano ya zamani, ile inayoburutwa juu ya uso kupima vilima na mabonde. Sindano ni nzuri, sijaidharau, ila ncha yake ina nusu kipenyo cha mikroni 2 au 5, mkwaruzo mwembamba kuliko hapo haifiki chini, na kwenye plastiki laini inaacha mstari wake.

Kitu ninachofanya siku hizi kabla ya sampuli yoyote: naweka kioo bapa ambacho najua ni laini sana, napima kwa lenzi ileile na mipangilio ileile ya mashine, Sa itakayotoka pale karibu yote ni kelele za mashine. Kama sampuli inanipa namba inayokaribia hiyo basi sijapima kitu, nabadilisha lenzi. Nikitaka eneo kubwa naunganisha picha nyingi za 50x, inachukua muda, sawa. Na Sz, namba nyingine ya urafu ambayo programu inatoa, kuweni nayo makini, inaangalia pointi ya juu kabisa na ya chini kabisa tu, vumbi moja linaipandisha.

Ile ripoti niliifuta nikaandika upya, safari hii na lenzi, NA, ukubwa wa eneo na kichujio cha programu kilichotumika. Aliyeagiza vipimo hakufurahi, ila alikuja akakaa tukapima pamoja.

Sasa naomba mtu wa karibu na swichi azime taa, naanza na kile kioo, alafu chuma.