Homoni Hujuaje Kukoma?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Ukitaja homoni, mawazo ya wengi hukimbilia balehe, mimba na hasira za ghafla. Si uongo, ni zake hizo. Lakini hapo mlipokaa, homoni zinawafanyia kazi nyingine isiyo na mbwembwe: kulinda kiwango cha sukari katika damu, kalsiamu, maji, joto la mwili. Kazi hiyo haina likizo wala usingizi. Jioni hii nitashika swali moja tu: homoni ikishaanza kazi, nani huiambia basi, yatosha?

Kwanza tuelewane kuhusu tezi zenyewe. Tezi za mate na za jasho zina vijia vya kutolea kilichotengenezwa na seli zake. Hizi tunazozizungumzia hazina kijia. Humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu. Damu hupita kila mahali, kwa hiyo homoni hupiga hodi kwa kila seli, na inayoitika ni ile tu yenye kipokezi chake.

Zamani iliaminika kwamba maagizo ya namna hii hupita kwenye mishipa ya fahamu peke yake. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walichukua sehemu ya utumbo wa mbwa, wakaikata mishipa yake yote ya fahamu, kisha wakatia asidi ndani. Kongosho likatoa majimaji yake vilevile. Basi habari ilifika kwa njia ya damu! Kemikali hiyo waliiita sekretini, na miaka 3 baadaye Starling akaanza kutumia neno homoni.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mfano ninaoupenda ni tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, yenye uzito wa takriban nusu gramu. Pituitari nayo hutoa homoni ya kuichochea thairoidi, ambayo katika majibu ya maabara huandikwa TSH. Thairoidi ikiipata, hutengeneza thairoksini. Thairoksini ikishatosha katika damu, yenyewe huifanya pituitari na haipothalamasi zipunguze uchochezi. Yaani zao la mwisho ndilo linalomzuia aliyeliagiza. Wataalamu huita mrejesho hasi, jina ambalo kwa maoni yangu linaupunja utaratibu huu sifa yake.

Tazameni mrejesho huo unapokosa cha kurejesha. Kila molekuli ya thairoksini inahitaji atomi 4 za iodini, yaani madini joto. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, kiasi ambacho huwezi hata kukiona kwenye ncha ya kidole. Kikikosekana kwa muda mrefu, thairoksini hupungua, pituitari haisikii "yatosha", inazidi kuchochea, na thairoidi inazidi kukua bila kupata malighafi. Hilo ndilo rovu. Wengi wakiliona hudhani tezi ile inazalisha kupita kiasi, kumbe hapa ina njaa. Ndiyo maana pia TSH ikiwa juu, mara nyingi daktari huhitimisha kwamba thairoidi imelegea. Wanafunzi wa udaktari huchanganyikiwa hapo, na siwalaumu.

Si kila homoni hudumu sawa. Insulini hubaki kwenye damu dakika chache tu, maana sukari hupanda na kushuka kwa kila mlo. Nusu ya thairoksini huchukua takriban wiki moja kuondoka, na ndiyo sababu mgonjwa akibadilishiwa dozi huambiwa arudi kupimwa baada ya wiki 6 hivi, si keshokutwa.

Kuna pahali mwili hugeuza utaratibu kwa makusudi. Wakati wa kujifungua, mtoto anavyosukuma mlango wa uzazi ndivyo oksitosini, homoni ya kukaza mji wa mimba, inavyoongezeka, na uchungu unazidi, na mtoto anazidi kusukuma. Hakuna wa kusema basi hadi mtoto atoke.

La mwisho, na hili naomba mlisikilize vizuri: dawa za jamii ya kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, kama prednisoloni. Ukizimeza kwa wiki nyingi, pituitari huona kotisoli imejaa, ikaacha kuzichochea tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tezi zisizochochewa husinyaa. Mtu akipata nafuu, akaacha vidonge siku moja, anabaki hana kotisoli ya dukani wala ya mwilini. Shinikizo la damu linaweza kuporomoka, na hali hiyo huweza kuua. Daktari anayekupunguzia kidogo kidogo anazipa adrenali muda wa kuamka, na wakati mwingine huchukua miezi.

Naona mkono umenyooshwa pale nyuma. Karibu, uliza.