Wosia haukulishi ukiwa kitandani

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie vijana mliokuja kufuata pilau mambo vipi. Mwenyekiti wa sakosi kaniomba nije Tanga niongee na wastaafu kuhusu mirathi, nikamwambia mirathi nitaigusa kidogo tu, maana mirathi mnaijua, kila mmoja hapa ameshakaa kikao cha ukoo siku ya arobaini watu wakagombania cherehani. Mi nataka tuongelee kipindi cha kabla ya hapo. Upo hai, unapumua, uji unalishwa na mjukuu, ila kusaini huwezi na jana hujui ulikula nini.

Nani hapa ameandika wosia? Nyoosheni mikono. Moja, mbili... watatu. Hongereni. Sasa nyie watatu, kesho mkipata kiharusi huo wosia unawasaidia nini? Haufanyi kitu jamani. Wosia unaanza kazi ukishazikwa, na hata hapo mpaka msimamizi wa mirathi apitishwe na mahakama. Ukiwa hai upo tu kwenye bahasha.

Baba yangu alistaafu reli, mtu wa mpangilio kweli, wosia wake kauandika mapema kapeleka RITA, ule wakala wa serikali unaotunza wosia, wautunze, risiti kaibandika ndani ya kabati. Basi tukajua mzee kamaliza kila kitu. Kikaja kiharusi, akainuka, kikaja cha pili, alafu akili nayo ikaanza kuondoka taratibu, mwanzoni tukasema uzee, shangazi akasema karogwa, tukazunguka kwa waganga miezi kadhaa kabla daktari hajatuambia ni ugonjwa wa kusahau. Miaka minne alikaa hivo. Pensheni inaingia kwenye akaunti yake peke yake, sisi tunachangishana kwenye grupu la WhatsApp hela ya pampasi. Tukaenda benki, siitaji, tukaambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe. Tukampakia kwenye bajaji tukampeleka. Dada wa kaunta akamuuliza jina lake, mzee akataja jina la kaka yake aliyekufa zamani. Dada akaturudishia fomu, na wala hakukosea, angefanya vinginevyo si kila mtoto angekuwa anabeba mzee wake kwenda kumkamulia hela.

Nyumba ya Chumbageni nayo wapangaji wakawa wanampa kodi kaka yetu mkubwa kwa kuwa ndo anaishi karibu. Nani kampa hiyo kazi? Hakuna. Daftari la mapato? Hakuna. Inawezekana kabisa hiyo hela alikuwa anamnunulia mzee dawa, sijui, ila mpaka leo yeye na mdogo wangu wa kike hawasalimiani. Na kodi ya pango la ardhi haikulipwa mwaka hata mmoja, kila mtu alidhani analipa mwenzie. Watu wanachanganya, hii ya majengo inakatwa kwenye luku kwahiyo ukinunua umeme inaenda yenyewe, ile ya pango la ardhi hapana, unaifuata.

Sasa najua mtu atasema, si ungechukua pawa ofu atoni. Hapo ndo nataka mnisikilize vizuri maana hata wasomi wanaanguka hapa. Ile hati ya uwakili, unayompa mtoto akusimamie mambo yako, kwa sheria zetu za Tanzania ina nguvu wakati wewe mwenyewe una akili timamu. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema uwakala unakoma aliyeutoa akifa au akipoteza akili. Yaani siku unayoihitaji ndo siku inayokufa. Kuna nchi kama Uingereza wana hati maalum inayoendelea hata akili ikiondoka, sisi ile hati yetu ya kawaida haiko hivo. Ukishindwa mwili tu, mkono hauinuki ila unaelewa, hati inafanya kazi vizuri, na unaweza kuweka dole gumba mbele ya wakili ukiwa kitandani. Kwahiyo msiidharau, kiharusi kingi kinachukua mkono na mguu kinaacha kichwa. Ila msiitegemee peke yake.

Akili ikiondoka kabisa njia iliyobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu ndugu kuomba mahakama imteue mtu wa kusimamia mali za mgonjwa, mnapeleka ushahidi wa daktari, na huyo msimamizi anawajibika kwa mahakama, sio anajipikia. Sisi hatukujua. Tulikuja kujua baba ameshatutoka.

Cha kufanya sasa hivi mkiwa mnaelewa. Fungua akaunti ya pembeni ya pamoja na mkeo au mtoto unayemwamini, iwe yeyote anaweza kusaini peke yake, weka hela ya miezi kadhaa ya matunzo, usiweke kiinua mgongo chote maana yeye naye anaweza kuzitoa zote na benki haitamzuia. Na uiulize benki yako kabla inafanyaje mmoja wenu akipoteza akili. Namba ya siri ya simu kumpa mjukuu akutolee hela, najua wote mnafanya, mi pia nafanya, basi angalau usiache milioni kwenye simu.

Alafu andika daftari. Hati ya kiwanja ipo wapi, nani unamdai, nani anakudai, hisa za vikoba, dawa unazokunywa, na nani asaini hospitali ukihitaji upasuaji. Hilo la mwisho liseme mbele ya watoto wote wamekaa, sio umnong'oneze mmoja jikoni.

Kuhusu kugawa kabisa ukiwa hai, polepole. Nimeona mama kawaandikia watoto nyumba, mwaka haukuisha kahamishiwa chumba cha uani. Na nyumba ya ndoa huwezi kuitoa bila ridhaa ya mwenzio, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema. Kwa Waislamu, sheikh yupo pale atanisahihisha, hiba, yaani zawadi ya mali unayotoa ukiwa hai, lazima uliyempa aipokee kweli, na ukigawa ukiwa kwenye maradhi ya mauti inahesabiwa kama wosia, haivuki theluthi ya mali yako. Wosia wa kimila wa maandishi, kama unajua kusoma na kuandika mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo mmoja wa nje, kama hujui basi wanne. Nimemaliza mirathi hiyo, mwenyekiti.

Kuna mama hapa mbele kaniandikia kikaratasi, mume wake ameanza kusahau, anauliza kachelewa kuyapanga haya? Mama, huenda bado. Sheria inaangalia wakati ule anasaini alikuwa anaelewa au la, na huu ugonjwa mwanzoni una siku nzuri na siku mbaya. Mpeleke kwa daktari kwanza aandike kwa maandishi kwamba kwa sasa anaelewa, alafu wakili, na mashahidi wasiwe wale watakaofaidika. Mchana wengi wanachoka wanachanganyikiwa. Nenda nae asubuhi, akishakunywa chai, na wakili amuulize yeye, wewe usimjibie.