Neno "Mtu" Katika Katiba ya Marekani

Shikamooni wazee wangu, na ndugu zangu hamjambo. Nimeombwa nieleze haki za mtu katika sheria za nchi hii tunayoishi. Nitashikilia neno moja tu.

Kwa Kiswahili tukisema "haki" tumemaliza. Wanasheria wa Marekani wanazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni uhuru wa mtu mbele ya serikali: niseme, niabudu, polisi asiingie kwangu kupekua bila hati. Hapa unaiambia serikali, toa mkono wako. Fungu la pili ni haki ya kutobaguliwa, na hapo unaiambia, leta mkono wako unilinde kama unavyomlinda jirani yangu.

Mafungu yote mawili yanakutana katika Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868, miaka 3 baada ya utumwa kufutwa. Yanasema jimbo lolote lisimwondolee mtu uhai, uhuru wala mali bila utaratibu wa haki wa sheria, wala lisimnyime mtu ulinzi sawa wa sheria. Angalieni: limeandikwa "mtu". Sentensi iliyotangulia inataja "raia", kwa hiyo waandishi walijua tofauti.

Neno hilo lilipimwa San Francisco. Mji ulitunga sheria kwamba dobi mwenye nyumba ya mbao lazima apate kibali, eti kwa kuogopa moto. Karibu madobi wote, wawe Wachina au wazungu, walikuwa kwenye nyumba za mbao. Wachina wapatao 200 wakaomba kibali, wakanyimwa wote. Wasio Wachina wapatao 80 wakaomba, wakapewa wote isipokuwa mmoja. Dobi anayetajwa kwenye kesi kwa jina la Yick Wo alikuwa amefua nguo katika nyumba ileile miaka 22, na wakaguzi wa moto walikuwa wamempa cheti. Akatozwa faini ya dola 10, akakataa kulipa, akafungwa. Hakuwa raia. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ikampa ushindi: sheria inaweza kusomeka vizuri kabisa na bado ikavunja Katiba kwa namna inavyotumiwa. Mimi naiona hii kuwa hukumu tunayopaswa kuwasimulia watoto wetu, maana ubaguzi mwingi tunaokutana nao haujaandikwa popote.

Sasa njooni Florida, 1961. Clarence Earl Gideon, mtu maskini, alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Akamwomba jaji wakili. Jaji akamjibu kwamba sheria ya jimbo inampa wakili wa bure mtu anayekabiliwa na kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akahukumiwa miaka 5. Akiwa gerezani akachukua penseli na karatasi za gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana naye: utaratibu wa haki unamtaka maskini anayeshtakiwa kwa kosa zito apewe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii wakili akimbana shahidi mkuu kwa maswali. Juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ilitoka nje kwa muda wa kama saa moja, ikarudi ikamwachia huru. Mtuhumiwa yuleyule na tuhuma ileile.

Hapa naomba mnisikilize sana wenye kesi za uhamiaji. Hukumu ya Gideon inahusu jinai. Kumfukuza mtu nchini kunahesabiwa kuwa shauri la madai, ingawa linaweza kumtenganisha mtu na mkewe na wanawe. Kwa hiyo jaji wa uhamiaji atakuruhusu uje na wakili, lakini serikali hailazimiki kumlipia. Ukipata wito, hata kama huna wakili, nenda. Usipofika, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini ukiwa haupo. Ukifika, bado wewe ni "mtu": una haki ya kusikilizwa na kuuona ushahidi unaotolewa dhidi yako.

Mtoto naye, hata akiwa wa miaka michache, hana haki ya kulipiwa wakili na serikali katika mahakama hizo. Anaweza kusimama mbele ya jaji peke yake, na upande wa pili amekaa mwanasheria wa serikali. Hapo ndipo neno "mtu" limekwama mpaka leo, na hapo ndipo ningependa tuanzie maswali.