Chupa ya Damu na Kivuli Kifuani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa maabara habari za mchana.

Leo ni vipimo vya damu vya saratani ya mapafu. Nianze na karatasi ya majibu. Mtu anaingia nayo imekunjwa mfukoni. Kajipimia "kifurushi cha saratani", CEA, protini moja ya damuni, imesoma 7 na mwisho wa kawaida umeandikwa 5. Hajalala siku tatu. Kabla hajakaa namuuliza: unavuta sigara? Anavuta. Basi, wavutaji wengi CEA yao hupanda kidogo bila saratani yoyote. Ini likiugua pia hupanda.

Jina ndilo linalotuponza. Tunaviita viashiria vya saratani, kumbe vingi ni protini ambazo hata mwili usio na ugonjwa huzitoa kidogo. CEA yenyewe ilielezwa na Gold na Freedman mwaka 1965, kule Montreal, kwenye saratani ya utumbo mpana. Mapafu yalikuja baadaye. Kiashiria kingine, CYFRA 21-1, ni vipande vya keratini, protini ya ndani ya seli, vinavyomwagika damuni seli zikifa. Viashiria vingine viwili, NSE na proGRP, huelekeza zaidi kwenye saratani ya mapafu ya seli ndogo, ile inayosambaa upesi.

NSE nataka tukae nayo kidogo. Chembe nyekundu za damu zinayo ndani yake. Sasa damu ivutwe kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chupa irukeruke kwenye bodaboda mpaka mjini, kisha ikae saa nyingi bila kuzungushwa mashineni: chembe zinapasuka, NSE inapanda. Mgonjwa hana neno, sampuli ndiyo mgonjwa. Seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa, ikiwa na wekundu, ikataeni, hata daktari akinuna. ProGRP nayo hupanda figo zikichoka, kwa hiyo isomwe na kreatinini, kipimo cha figo, pembeni.

Mnaniuliza kwa nini tusipime kila mtu. Tupige hesabu ya mfano. Watu 1,000, watano wana saratani. Kipimo kinanasa wanne, na kwa wasio wagonjwa kinakosea kumi katika kila mia. Utapata watu kama 104 wenye majibu ya kutisha, wagonjwa wakiwa wanne tu. Na yule wa tano umemrudisha nyumbani anacheka. Kwa wavutaji wa miaka mingi, kilichoonekana kupunguza vifo ni CT skani ya mionzi midogo, picha ya mapafu ya kina kuliko eksirei: utafiti wa Marekani uliotolewa 2011, watu zaidi ya 53,000, vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei.

Damu ina kazi yake. Kivuli kipo kwenye picha ya kifua, mgonjwa amedhoofu, kinyama kilichochukuliwa kwenye kivuli ili kipimwe hakitoshi. ProGRP ikiwa juu sana na figo ni nzima, unajua uharakishe upande wa seli ndogo. Na matibabu yakianza, namba inayoshuka au kupanda inasaidia kufuatilia, mradi ipimwe kwa njia ileile.

Kinachoniuma ni kifua kikuu. Makohozi hayaonyeshi vimelea, dawa za TB zinaanzishwa kwa sababu ya kivuli, mwezi wa pili uzito bado unashuka. Hapo msiagize CEA, TB nayo yaweza kuipandisha. Agizeni CT, kisha kinyama.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mama? Kama majibu ni ya kawaida, kikohozi kinaendelea? Rudi hospitali kesho, na hiyo karatasi iache nyumbani.